Nondo ya nyuma: inavyoweza kuiokoa Chevelle kwenye kona, na inavyoweza kuiponza

Gari likipita kwenye tuta na mbele kukasikika kong'o-kong'o, fundi aliyezoea Noah na Probox hutoa hukumu kabla hata hajainama: linki za stabilaiza zimekwisha. Wengi wetu tumelijua jina hilo kwa njia ya lawama. Unanunua linki mbili, kelele inaisha, na stabilaiza yenyewe, ile nondo iliyopinda ambayo linki zinaishikilia, unaisahau hadi tuta jingine.

Wapo watu ambao kwao nondo hiyo ni mada ya usiku kucha. Ni wale wanaofufua magari ya Marekani ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970: Chevelle, GTO, Mustang, Camaro, Challenger. Injini kubwa ya V8 mbele, ekseli nzima nyuma, na bodi inayolala kwenye kona kama mashua iliyopigwa na upepo wa ubavuni. Ushauri wa kwanza wanaopeana karibu kila mara ni huu: weka stabilaiza nyuma. Ni ushauri mzuri nusu. Nusu iliyobaki hupatikana kwa kujua nondo hiyo inafanya nini hasa, kwa sababu wengi wanaoinunua wanadhani inaongeza mshiko wa matairi. Haiongezi. Inauhamisha.

Stabilaiza ni springi. Haifanani na springi kwa kuwa haijajikunja duara, lakini kazi yake ni ileile: chuma kinachokataa kubadilishwa umbo. Sehemu yake ya kati hulala kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, na ncha zake mbili hupinda kuwa mikono. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, kama kwenye tuta, mikono hupanda pamoja na nondo haisokoteki. Ni kama haipo. Gari likiingia kona ya kushoto, bodi huegemea kulia. Gurudumu la kulia hubanwa juu, la kushoto hushuka, mkono mmoja unakwenda juu na mwingine chini, nondo inajisokota. Chuma hakipendi kusokotwa, kwa hiyo kinarudisha nguvu: kinaisukuma bodi iinuke upande ulioinama, na kwa wakati uleule kinaliinua gurudumu la ndani ya kona kutoka barabarani.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo moyo wa habari nzima. Kulala kwa bodi hakupunguzwi bure. Kila kilo inayoongezwa kwenye gurudumu la nje imetolewa kwenye gurudumu la ndani.

Tuchukue hesabu ya Chevelle ya 1968 ya milango miwili. Tuseme ina kilo 1,600 ikiwa na dereva, kitovu cha uzito wake kiko sentimita 55 juu ya lami, na magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana mita 1.5. Inakata kona kwa nguvu ya ubavu iliyo sawa na asilimia 70 ya uzito wake. Zidisha 1,600 kwa 0.7, zidisha kwa 0.55, gawa kwa 1.5: unapata takribani kilo 410. Huo ndio uzito unaohama kutoka upande wa ndani kwenda upande wa nje. Angalia kilichomo kwenye hesabu: uzito, mwendo wa kona, urefu wa kitovu, upana wa gari. Stabilaiza haimo. Ungefunga nondo nene kama mguu wa meza, kilo 410 zingehama vilevile.

Kinachobadilika ni mgawanyo. Mbele na nyuma zinagawana kilo hizo, na anayepewa fungu kubwa ni yule mwenye ugumu zaidi wa kuzuia bodi kulala. Ikiwa mbele ndiyo ngumu na nyuma ni laini, mbele inaweza kubeba 320 na nyuma 90. Funga nondo nyuma, mgawanyo unaweza kuwa 260 kwa 150. Jumla ni ileile.

Na kwa nini mgawanyo uwe na maana? Kwa sababu ya tabia moja ya tairi: ukilizidishia uzito maradufu, mshiko hauzidi maradufu. Unaongezeka, lakini kwa kasi inayopungua. Kwa hiyo matairi mawili yanayobeba kilo 400 kila moja yanashika vizuri kuliko jozi ambayo moja limebeba 700 na mwenzake 100. Upande wa gari, mbele au nyuma, unaohamishiwa uzito mwingi ndio unaopoteza mshiko wa jumla, na ndio unaoteleza kwanza. Magari haya yalitoka kiwandani yakiteleza mbele kwanza: unakata usukani, pua inaendelea kwenda nje ya kona kana kwamba haikukusikia. Kuongeza ugumu nyuma ni kuinyang'anya nyuma kiasi cha mshiko wake ili mbele ipate nafuu. Ukikubali kwamba hiyo ndiyo biashara unayoifanya, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Detroit hawakuwa wajinga

Pua kuteleza kwanza ilikuwa chaguo la makusudi la watengenezaji wa Detroit, mji wa magari wa Marekani. Dereva wa kawaida akiona pua haikati, huondoa mguu kwenye mafuta, uzito unarudi mbele, gari linajirekebisha. Mkia ukitoka na akafanya vivyo hivyo, hali inazidi kuwa mbaya: uzito unaondoka nyuma wakati ambapo nyuma inauhitaji kuliko wakati wowote. Kwa gari la familia lenye injini nzito, matairi membamba ya nyuzi za mshazari na bei ya kuvutia vijana, wahandisi waliweka stabilaiza mbele, na nyuma wakaiacha tupu.

Isipokuwa wachache. Mwaka 1964 Oldsmobile walitoa 4-4-2, ambayo kwenye orodha ya nyongeza za kiwandani ilijulikana kama B-09, mfumo uliochukua mambo ya magari ya polisi. Wakati ule namba zile zilimaanisha kabureta ya midomo minne, gia nne za mkono na ekzosi mbili. Pamoja na hayo ilikuja na stabilaiza ya nyuma, wakati ndugu zake wa chesisi ileile, GTO ya Pontiac na Chevelle ya Chevrolet, hazikuwa nayo. Majaribio ya enzi hizo yaliipa 4-4-2 sifa ya kukata kona kuliko wenzake, na sababu kubwa ilikuwa chini ya sakafu, si kwenye injini.

Mwaka 1970 Pontiac walienda mbali zaidi na Trans Am yao ya umbo jipya: nondo ya inchi 1¼ mbele na ya inchi ⅞ nyuma. Soma namba hizo mbili kwa pamoja. Waliotaka gari likate kona hawakufunga nyuma nene kuliko mbele. Nyuma ilikuwa nyembamba kwa tofauti kubwa, na mbele iliongezwa pia. Mwaka huohuo Chrysler nao walifunga nondo nyuma kwenye Challenger T/A na AAR 'Cuda, magari yaliyozaliwa ili kuruhusu kiwanda kushindana kwenye mbio za Trans-Am. Ford walikuwa tayari wameifunga kwenye Mustang ya Boss 429 ya 1969.

Sasa, unene. Hapa ndipo pochi za watu hupotelea, kwa kuwa macho hudanganya. Ugumu wa nondo isiyo na tundu hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne. Kutoka inchi ⅞ (milimita 22.2) hadi inchi 1 (milimita 25.4) ni tofauti ya milimita tatu tu, ungeziweka mezani usingeona cha kushangaza, lakini nondo ya inchi 1 ni ngumu zaidi kwa asilimia 70. Kutoka inchi ¾ hadi inchi 1, ugumu unazidi mara tatu. Ile Trans Am ya 1970, kwa unene peke yake, nondo yake ya mbele ilikuwa na ugumu zaidi ya mara nne ya ile ya nyuma.

Nasema kwa unene peke yake kwa kuwa urefu wa mikono nao una neno. Mkono mrefu humpa mtu wenzo wa kusokotea, hivyo nondo inaonekana laini; mkono mfupi hufanya kinyume. Ugumu unabadilika kwa mraba wa urefu: mkono wa sentimita 25 ukifanywa 20, nondo ileile inakuwa ngumu zaidi kwa kama asilimia 56. Ndiyo sababu stabilaiza zinazorekebishika huwa na matundu mawili au matatu kwenye kila ncha. Tundu lililo karibu na mpindo ni gumu, la mwishoni kabisa ni laini. Anayeuza atakutajia kipenyo tu. Muulize urefu wa mikono uone kama anajua anachouza.

Vipi nondo zenye tundu, zile za bomba? Katikati ya nondo hakufanyi kazi kubwa. Msokoto unabebwa na ngozi ya nje. Bomba la kipenyo cha inchi 1 lenye tundu la inchi ⅝ linabaki na asilimia 85 ya ugumu wa nondo iliyojaa, huku likiwa limepoteza karibu asilimia 39 ya uzito. Ni ubora wa kweli, hasa nyuma ambako nondo mara nyingi huning'inia kwenye ekseli na kuwa mzigo wa magurudumu. Kwa gari la kutembelea mjini, mimi nisingelilipia bei maradufu kwa ajili hiyo.

Kabla ya kuchagua namba yoyote, inama uangalie mbele. Kama gari bado lina stabilaiza nyembamba ya kiwandani mbele, na springi zimechoka, na bushi, yale mapete ya mpira kwenye maungio, zimepasuka, kufunga nondo nene nyuma ni kumpa dereva gari ambalo mkia wake utatoka bila taarifa. Utaratibu wa busara huanza na matairi, halafu bushi na shokapu, halafu springi kama zimelala, halafu stabilaiza ya mbele, na ya nyuma ije mwisho, nyembamba kwanza. Anayeanza na ya nyuma ni kwa sababu ndiyo rahisi kufunga. Namwelewa, lakini simuungi mkono.

Jambo la pili la kuangalia ni difu, gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma. Kwenye hesabu yetu ya Chevelle, kila gurudumu la nyuma hubeba takribani kilo 350 gari likiwa limesimama. Ukihamisha kilo 150 nyuma, la ndani limebaki na 200. Ukifunga nondo kali ukahamisha 250, limebaki na 100. Sasa uko katikati ya kona, unakanyaga mafuta ya injini ya V8, na difu ni ya kawaida inayopeleka nguvu kwa mnyonge: lile gurudumu la ndani linazunguka bure, linatoa moshi, gari haliendi. Wenye difu inayofunga magurudumu yote mawili, ile Chevrolet waliyoiita Positraction, wanaweza kustahimili nondo nene zaidi. Wenye difu ya kawaida wana kikomo cha karibu.

Na kuna wale ambao kona haziwahusu kabisa; wao ni mbio za robo maili, moja kwa moja. Ajabu ni kwamba wao ndio wanaozitaka nondo za nyuma nene kuliko wote, na wana sababu. Gari linapoondoka kwa nguvu, propela, mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, inaisokota ekseli: upande wa kushoto unakandamizwa chini, wa kulia unainuliwa. Wakati huohuo bodi inajibu kinyume chake, pembe ya mbele kushoto inapaa. Matokeo ni tairi la nyuma kulia kuwa jepesi na kuteleza. Zamani dawa ilikuwa mfuko wa hewa ndani ya springi ya kulia. Stabilaiza ngumu hufanya kazi hiyo kwa unadhifu zaidi, kwa kuwa inapinga ule msokoto na kulirudisha tairi la kulia barabarani. Lakini nondo ya mbio za robo maili, yenye mikono mifupi, ni ukatili mtupu kwenye barabara yenye kona na mvua. Usikubali kuuziwa kwa maneno kwamba “hii ndiyo kubwa kuliko zote”.

Mikia ya aina mbili

Chevelle, GTO, 4-4-2 na Gran Sport ya Buick, za 1964 hadi 1972, zina nyuma ya springi za koili na mikono minne: miwili ya chini iliyonyooka kwenda mbele, miwili ya juu iliyoelekezwa kimshazari. Stabilaiza ya kiwandani ya familia hii haina linki hata moja, wala bushi yake yenyewe. Inapita nyuma ya ekseli, mikono yake inakwenda mbele ikilala ubavuni mwa mikono ya chini ya gari, na kila upande unafungwa kwa bolti mbili. Basi. Bodi ikilala, mkono mmoja wa chini unainama kwa pembe moja na mwingine kwa pembe nyingine, na nondo iliyobanwa baina yao inasokotwa.

Urahisi huo una gharama: mikono ya chini sasa inabeba kazi ambayo haikuumbiwa. Kwenye magari yaliyotoka bila stabilaiza, mikono hiyo ni bati nene lililokunjwa likaachwa wazi upande mmoja. Ukifunga nondo hapo, kuta za bati zinajikunja, matundu yanatanuka, na siku moja bolti inachomoka. Magari yaliyotoka na stabilaiza yalikuwa na mikono iliyofungwa pande zote kama boksi. Kwa hiyo bei ya stabilaiza ya Chevelle si bei ya nondo peke yake. Ongeza bei ya mikono ya boksi, au ya bati na fundi wa kuchomelea.

Kuna tatizo lingine kwenye familia hii ambalo watu hulilaumia nondo bure. Mikono minne ile haipatani kijiometri bodi inapolala. Kila mmoja unataka kuipeleka ekseli njia yake. Kinachoruhusu mambo yaende ni ulaini wa bushi za mpira. Fundi mwenye ari akibadilisha zote nane akaweka za poliurethani ngumu, mfumo unajifunga. Kule kujifunga kunafanya kazi kama stabilaiza ya pili, ila isiyo na adabu: mara ipo, mara haipo, na mkia unatoka ghafla. Ongeza hapo nondo nene na utakuwa umejitengenezea gari la kukutia hofu. Kwa matumizi ya barabarani, mimi ningeacha mpira mikono ya juu.

Camaro za kwanza, Mustang na magari ya Chrysler ni hadithi nyingine. Nyuma zina springi za bapa, zile za kupangwa kama za lori. Hapa stabilaiza hufungwa kwenye ekseli kwa bolti za umbo la U, ikizungushiwa bushi, na ncha zake huunganishwa na sakafu au reli za bodi kwa linki zinazofanana na zile za Toyota. Tabu iko kwenye kushikiza linki juu. Bodi hizi hazina fremu kamili nyuma. Ni bati lililokunjwa na kuchomelewa, lenye miaka zaidi ya 50, na mara nyingi kutu imeshakaribishwa ndani. Toboa pale palipo na reli, si kwenye sakafu tupu, na weka bati la kuungia mkono upande wa pili ili bolti isipenye kama kidole kwenye karatasi. Ukigonga kwa nyundo ndogo na sauti ikawa ya kufifia badala ya kulia, acha kwanza stabilaiza, ushughulikie kutu.

Kuifunga kwenye Chevelle

Tuseme umechagua: nondo ya inchi ⅞, mikono mipya ya chini ya boksi, na mbele kuna nondo ya inchi 1⅛ au zaidi. Ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye spana nzuri na asiye na haraka.

Inua nyuma, weka stendi chini ya ekseli na si chini ya fremu, ili springi zibaki zimebeba gari kwa kimo chake cha kawaida. Zuia magurudumu ya mbele. Weka jeki chini ya mdomo wa difu pale propela inapoingilia, kwa kuwa ukiondoa mkono wa chini ekseli itataka kujizungusha. Toa mkono mmoja tu, funga mpya, ndipo uhamie wa pili. Wanaotoa yote miwili kwa mpigo hutumia jioni nzima wakiivuta ekseli kwa mikanda, wakitafuta matundu yaliyohama kwa sentimita moja.

Bolti za mikono hiyo zikaze kidogo tu kwa sasa. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba lake la ndani. Ukiikaza gari likiwa linaning'inia, mpira utaishi umesokotwa kila gari linaposimama barabarani, na utapasuka mapema. Kukaza kwa mwisho kunafanyika uzito wote ukiwa juu ya magurudumu.

Ndipo nondo. Ipandishe mahali pake na uangalie nafasi kati ya mikono yake na mikono ya gari. Mara nyingi kuna upenyo wa milimita kadhaa upande mmoja au pande zote. Kishawishi ni kukaza bolti hadi upenyo ufe. Usifanye hivyo: utakuwa umeivuta mikono ya gari kuelekeana na kuzitesa bushi maisha yake yote. Jaza upenyo kwa vibati vya kujazia. Na ndani ya mkono wa boksi, pale bolti inapopita, lazima kuwe na kibomba cha chuma kinachoegemea kuta zote mbili. Bila hicho, unapokaza unaubonyeza mkono ukawa kama kopo la soda. Vifurushi vizuri huja na vibati na vibomba hivyo. Vibaya huja na nondo, bolti nne na stika.

Kuhusu bolti: hapa si mahali pa kuokota chochote kwenye kopo la fundi. Kwa vipimo vya Kimarekani tumia daraja la 8, inayotambulika kwa mistari sita kichwani. Yenye mitatu ni daraja la 5. Tumia nati za kujifunga, na ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji wa nondo yako.

Kabla gari halijashuka, tumia muda kuangalia vinavyogusana. Ekzosi mbili hupita juu ya ekseli na mara nyingi mafundi wa baadaye wamezipitisha popote walipoona nafasi. Waya za breki ya mkono zisilale juu ya nondo. Paipu ya mpira ya breki isivutwe. Kama mfuniko wa difu umebadilishwa ukawekwa ule mnene wa aluminiamu, pima nafasi kati yake na nondo. Kisha hamisha stendi chini ya fremu na uiache ekseli ining'inie hadi mwisho. Halafu ipandishe kwa jeki upande mmoja, halafu mwingine. Kinachogusana hapo kitagusana pia kwenye shimo la barabarani, kwa kishindo zaidi.

Kwa nondo zenye linki kuna hatua moja ambayo Chevelle haina. Gari likiwa chini, likiwa na dereva au mifuko ya mchanga ya uzito wake kwenye kiti, linki zote mbili ziingie kwenye matundu yake bila kusukumwa. Ikiwa ya pili inahitaji nyundo, nondo tayari imesokotwa gari likiwa limesimama, na litakata kona ya kulia tofauti na ya kushoto. Rekebisha urefu wa linki. Linki na mkono wa nondo vikutane kwa pembe inayokaribia mraba. Bushi za poliurethani zipake grisi ya silikoni, la sivyo zitalia kama mlango wa banda; na grisi ya kawaida ya petroli usiipeleke kwenye bushi za mpira, inaufanya mpira uvimbe.

Majaribio yafanyike kwenye uwanja mpana usio na watu, lami kavu. Weka upepo sawa kwenye matairi, chora duara kwa koni, lizunguke kwa mwendo unaoongezeka polepole na usikilize kipi kinaachia kwanza. Pua ikiteleza polepole mwishoni kabisa, na ikitulia unapopunguza mafuta, umepata ulichokitafuta. Mkia ukianza kutangulia, rudi nyuma hatua moja: tundu laini zaidi, au nondo nyembamba, au ugumu zaidi mbele. Ukitaka kujua mchango wa nondo hasa, ivue urudie duara lilelile siku hiyohiyo. Tofauti utaihisi kwenye kiti kabla hujaisoma kwenye saa. Rudia pia kwenye lami iliyolowa, taratibu, kwa kuwa gari linalopendeza kwenye ukavu linaweza kuwa na tabia nyingine kabisa kwenye maji.

Baada ya kilomita mia moja hivi, ingia tena chini na spana. Zile bolti nne za nondo huwa zimelegea kidogo, kwa sababu rangi na vibati vimejibana. Zikaze, ziwekee alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono, na safari nyingine utakapoinama na tochi utaona kwa jicho kama alama imekatika.